Viberiti Ishirini na Vinne

Mama hakutupa kiberiti kilichoisha.
Alikipuliza, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga
pembeni ya jiko la mchina,
na Novemba ikikaribia kukata roho
alivigandisha ishirini na vinne mgongoni mwa kalenda ya duka la dawa,
namba kwa kalamu ileile ya kuandikia majina kwenye sare zetu.
Tulikuwa watoto wanne: kila mmoja viberiti sita.
Elinipa alivihesabu kila usiku asije akadhulumiwa.

Siku hizi napikia gesi, inajiwasha yenyewe.
Ikabidi nimwendee Mangi, hapa Segerea lami inapoishia,
ninunue vyote vikiwa vimejaa.
"Unataka kumchoma nani?" akauliza, chenji mkononi.
Njiti karibu elfu moja nimezimimina kwenye chupa ya achari
juu ya kabati, mbali na Aikande,
mwenye miaka miwili na mkono
unaofika mbali kuliko ninavyoupima.

Tarehe mosi: kipande cha kashata.
Akala, akalamba na kisanduku. "Ingine."
Nikasema, kesho.
Akainama akachungulia chini ya kochi,
akaenda nyuma ya pazia, akagonga mlango wa friji.
Akarudi mikono mitupu:
"Kesho hamna."

Tarehe tano, kifungo cha gauni la bibi yake,
nimekifunga kwa uzi mnene asikimeze.
Tarehe saba, unyoya wa kuku. Huo aliusemesha mpaka ukachakaa.
Majilio, nilimweleza, ni kungoja mgeni.
"Mgeni yuko wapi?"
Yuko njiani.
"Foleni?"
Foleni, nikakubali.

Joto lile, hata ukuta ulitoka jasho.
Tarehe tisa tukakuta sisimizi wamepanga mstari
kutoka dirishani, wameipita tisa,
wamezama kwenye ya kumi, kwenye tofi iliyoyeyuka.
Nikachukua kitambaa. Akaning'ang'ania mguu.
Akachuchumaa, akawahesabu: moja, mbili, mbili, mbili.
"Baba, wanakula kesho."

Kumi na tatu sikuifungua naye.
Mvua ilifunga Jangwani. Nilifika saa tano usiku, viatu mkononi,
Tumsifu yuko zamu Amana, shangazi mtu ameshamlaza mtoto.
Mama yangu hakuruka siku hata moja,
hata mwaka ule wa malaria alituletea ubao kitandani.
Umeme hakuna. Nikakaa mbele ya kisanduku kilichofungwa
kama mtu anayedaiwa.

Asubuhi nikamwambia: leo viwili, mwanangu, cha jana na cha leo.
Akafungua kimoja. Zabibu kavu tatu.
Cha pili alishakivuta nusu; akakisukuma kwa dole gumba
mpaka kikatoa kile kimlio cha karatasi.
"Kesho," akasema,
sio kwangu. Kwa kiberiti.

Tangu hapo tukawa nyuma kwa siku moja.
Nilijaribu kulipa deni; hakukubali.

Krismasi, tumetoka ibada ya kwanza,
gauni jipya limeshapata mchuzi, bado kimoja.
Ishirini na nne ya Mama, miaka yote, ni njiti moja nzima
ya kuwashia mshumaa mezani.
Nikamnyanyua.
Akakigonga kwa kidole, akaweka sikio.
Njiti ikagusa ubavu wa ndani: tik.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa siri,
akataka kushushwa.

Nikampigia Mama, Machame. Akacheka hadi akakohoa.
"Mwache. Washa kwa hiyo gesi yako."

Leo ni tarehe nane Januari. Mti tumeshautoa,
pamba zake bado zinaokotwa chini ya viti.
Ubao uko ukutani: ishirini na vitatu midomo wazi,
kimoja kimefumba.
Kila asubuhi, kabla ya uji,
anapita kukigonga,
anasikiliza,
anaendelea na safari zake.